Pampu ya Umeme ya Kujaza Upepo: Kazi Inaiweza, Namba Haijui

Kwa miezi minane iliyopita sijamwomba mtu yeyote anijazie upepo kwenye matairi. Nimekuwa nikifanya kazi hiyo mwenyewe, alfajiri kabla gari halijatoka, kwa pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye soketi ya kiwashio cha sigara, na muda huo unatosha kueleza inachokiweza na kinachoishinda. Silitaji jina lake kwa sababu pampu za aina hii zinauzwa kwa majina mengi huku zikifanana kama pacha, hivyo atakayetafuta ya kwake atakutana na vitufe vilevile, kioo kilekile na, kama sikosei, kasoro zilezile. Niseme mapema kwamba nimeridhika nayo. Hata hivyo, imeniingiza kwenye makosa mara mbili, na mara zote mbili tatizo halikuwa kwenye mota wala kwenye mpira wa upepo, bali kwenye namba niliyoipa. Pampu inajua kufika kwenye namba. Kama namba yenyewe ndiyo au siyo, haijui.

Kwa umbo ni kitu cha kawaida. Ina ukubwa wa kamusi nene, mwili wa plastiki nyeusi, waya wa mita tatu na mpira wa upepo wa nusu mita ambao mwisho wake una mdomo wa shaba wa kuzungusha kwenye valvu. Mdomo huo unaingia kwenye valvu ya karibu gari lolote, kwa kuwa valvu tunayoitumia hadi leo ni ileile ambayo August Schrader aliipatia hataza nchini Marekani mwaka 1893, yenye uzi kwa nje na pini ndogo katikati. Juu ya pampu kuna kioo cha namba na vitufe vinne: cha kuwasha, cha kubadilisha kipimo, cha kuongeza na cha kupunguza. Unaweka namba unayoitaka, unawasha, nayo inajaza hadi inapofika, kisha inajizima yenyewe. Huko kujizima ndiko kulikonifanya niinunue, maana pampu niliyokuwa nayo awali ilihitaji nichuchumae nikiukodolea macho mshale uliokuwa ukitetemeka kiasi kwamba nilikuwa nasoma wastani wa mtetemo badala ya presha.

Kosa la kwanza lilitokea wiki ileile niliyoinunua. Ukibonyeza kitufe cha kubadilisha kipimo kwa sekunde chache, zinatokea picha ndogo: gari, pikipiki, baiskeli, mpira wa miguu. Ukichagua picha ya gari, kioo kinaandika psi 35 (psi ni kipimo cha presha, yaani pauni kwa inchi ya mraba) bila kukuuliza lolote. Nami, kwa kuwa chombo kilikuwa kipya na kilizungumza kwa kujiamini, niliyajaza matairi yote manne psi 35 nikaenda zangu. Gari likawa jepesi kidogo kwenye usukani, jambo lililonipendeza, na nyuma likawa linarukaruka kila lilipopita kwenye mabaka ya lami, jambo ambalo nililitupia springi na shokomzoba kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Fundi wa matairi ndiye aliyenionyesha, miezi mitatu baadaye, kwa kupitisha kijiti cha kupimia kina kwenye kashata za tairi la nyuma, yaani vile vitalu vya mpira vinavyoikanyaga barabara: katikati palikuwa pameliwa nusu milimita zaidi ya pembeni. Tairi lililozidi upepo huvimba katikati, likaikanyaga barabara kwa kitovu chake huku kingo zikipumzika, na kinachokanyaga ndicho kinacholika.

Hapo ndipo nilipokwenda kusoma kibandiko ambacho nilipaswa kukisoma siku ya kwanza. Kwenye gari langu kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, chini ya kishikio cha kufuli, mahali ambapo mguu wa suruali hupagusa kila unaposhuka. Ilibidi nikifute vumbi kwa kidole gumba chenye mate ndipo namba zikaonekana. Kwenye magari mengine kibandiko hubandikwa upande wa ndani wa kifuniko cha tangi la mafuta, na kama kimebanduka, kitabu cha gari kina jedwali lilelile. Changu kina safu mbili. Safu ya kwanza ina picha ya watu wawili na inasema psi 32 mbele na 30 nyuma. Safu ya pili ina picha ya watu watano na sanduku, nayo inasema 33 mbele na 38 nyuma. Kwa maneno mengine, picha ya gari kwenye pampu yangu ilikuwa imenipa namba ambayo haipo popote kwenye gari langu: imezidi kwa safari ya mtu mmoja, na kwa safari ya familia nzima pamoja na mizigo, matairi ya nyuma yangekuwa yamepungukiwa psi tatu.

Kijitabu cha pampu, ambacho mengi yake ni maonyo kuhusu watoto na maji, kina jedwali linalodai kwamba magari madogo yanajazwa kati ya psi 30 na 36. Jedwali hilo si la uongo, ila ni kama kumwambia mtu kwamba viatu vya watu wazima huanzia saba hadi kumi na moja. Mtengenezaji wa gari hakuichagua presha kwa kubahatisha. Alijua uzito unaokaa juu ya ekseli ya mbele, ambako mara nyingi ndiko injini iliko, na uzito wa nyuma. Alijua urefu wa gari na jinsi linavyoinama kwenye kona. Kisha akatafuta namba ambayo tairi linabeba mzigo bila kupata joto kupita kiasi, linashika barabara wakati wa breki, na halimchoshi aliyeketi ndani. Tairi hilohilo la ukubwa huohuo linaweza kuvalishwa magari matatu tofauti na kila moja likawa na namba yake.

Upotoshaji mkubwa kuliko wa kijitabu umeandikwa kwenye tairi lenyewe, na kwa kuwa umechongwa kwenye mpira kwa herufi za kudumu, watu wengi huuamini zaidi. Ubavuni mwa matairi yangu imeandikwa kwamba presha ya juu kabisa ni 350 kPa (kilopaskali, kipimo kingine cha presha), yaani psi 51. Nimewahi kumwona dereva mwenzangu akiinama, akaisoma namba kama hiyo kwa sauti, kisha akamwambia kijana wa upepo ajaze hadi hapo. Namba ile ni kikomo ambacho tairi halipaswi kukivuka. Haisemi gari lako linahitaji nini, maana aliyelichonga tairi hajui litavalishwa gari gani. Ni sawa na kamba iliyoandikwa kwamba inabeba kilo mia tano: hulazimiki kuifungia mzigo wa kilo mia tano ili iwe kamba nzuri.

Jambo jingine lililoandikwa ubavuni, ambalo wachache hulitazama, lina msaada mkubwa zaidi. Matairi yangu ni 195/65 R15 91H. Ile 91 ni kiwango cha mzigo, na maana yake ni kwamba kila tairi linaruhusiwa kubeba kilo 615, ila kwa sharti kwamba limejazwa upepo wa kutosha. Hapo ndipo penye kiini cha suala zima, kwa sababu kinacholibeba gari ni upepo, na mpira ni mfuko wa kuushikilia. Piga hesabu ndogo. Gari lenye uzito wa kilo 1,200 likiwa na dereva, ukiugawa uzito huo sawasawa, linaweka kilo 300 juu ya kila tairi. Kwa presha ya kPa 220, ambayo ni sawa na psi 32, tairi linahitaji kuigusa ardhi kwa sentimita za mraba 130 na ushei ili kuubeba uzito huo. Hiyo ni hesabu ya makadirio, kwa kuwa ubavu wa tairi nao hubeba kidogo, lakini inatosha kuonyesha kwamba gari zima limesimama juu ya vipande vinne vya mpira visivyozidi sana ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa. Ukipunguza upepo, kipande kinapanuka na ubavu unajikunja zaidi kwa kila mzunguko. Ukiongeza abiria watatu na mizigo bila kuongeza upepo, matokeo ni yaleyale. Ndiyo maana kibandiko kina safu mbili, na ndiyo maana tofauti ya safu hizo iko zaidi kwenye matairi ya nyuma, ambako mizigo hukaa.

Kujikunja huko ndiko kunakozaa joto, na joto ndilo linaloliua tairi. Mwaka 2000 suala hili lilifika kwenye vikao vya Bunge la Marekani, baada ya ajali nyingi za vifo za magari ya Ford Explorer yaliyokuwa na matairi ya Firestone ambayo kashata zake zilibanduka gari likiwa kwenye mwendo. Mwezi Agosti mwaka huo Firestone ilirudisha matairi takriban milioni 6.5. Kampuni hizo mbili zililaumiana kwa mambo kadhaa, na mojawapo lilikuwa upepo: Ford ilikuwa imependekeza psi 26 kwa gari hilo, huku Firestone ikishikilia kwamba 30 ingefaa zaidi. Psi nne, ambazo mtu akizikuta zimepungua kwenye tairi lake huzipuuza, zilikuwa sehemu ya mabishano yaliyobadilisha sheria.

Sheria iliyotokana na sakata hilo ndiyo iliyotuletea ile taa ya njano ya dashibodi yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati. Nchini Marekani ikawa lazima kwa magari madogo yote mapya kuanzia Septemba 2007, na katika Umoja wa Ulaya kuanzia Novemba 2014. Nilipoonyesha pampu hii kwa watu, swali lililojirudia zaidi lilikuwa: ya nini, ikiwa gari lina taa? Jibu ni kwamba, kwa kanuni ya Marekani, taa inalazimika kuwaka presha inaposhuka kwa asilimia 25 chini ya ile ya kibandiko. Kwa namba ya 32, hiyo ni psi 24. Mimi mwenyewe nimelipima tairi nikakuta 26 huku dashibodi ikiwa kimya kabisa. Taa hiyo ni ya kukuokoa na tairi linaloelekea kuisha upepo. Kukuchagulia presha haikutumwa. Tena kuna magari ambayo taa yake haipimi upepo hata kidogo, bali hulinganisha kasi ya mzunguko wa magurudumu kupitia vipimo vya breki za ABS, zile zinazozuia magurudumu yasijifunge, kwa kuwa tairi lililopungua upepo huzunguka haraka kidogo kuliko wenzake. Yote manne yakipungua pamoja, kama yanavyofanya kwa kawaida, mfumo wa namna hiyo hupata kazi kubwa kugundua.

Sasa nije kwenye kosa langu la pili, ambalo lilinifundisha zaidi kuliko la kwanza. Nilikuwa nimesafiri kwa saa moja na nusu, nikasimama kupumzika, na kwa kuwa pampu ilikuwa kwenye buti na bado ilinifurahisha kama kichezeo kipya, nikaifunga kwenye tairi la mbele. Kioo kikasoma 36. Nikajiambia kwamba nilikuwa nimezidisha upepo asubuhi ya juzi, nikabonyeza pini ya valvu kwa ncha ya ufunguo hadi 32, nikafanya hivyo na upande wa pili, nikaendelea na safari nikiwa nimeridhika na umakini wangu. Asubuhi iliyofuata, gari likiwa limelala usiku kucha, matairi yote mawili yalisoma 28.

Maelezo yake ni mepesi. Namba ya kibandiko ni ya tairi lililopoa, yaani gari lililoegeshwa kwa angalau saa tatu au lililotembea mwendo mdogo usiozidi kilomita moja na nusu hivi. Tairi likitembea hupata joto, upepo wa ndani unatanuka, na kupanda kwa psi nne au zaidi ni jambo la kawaida ambalo mtengenezaji alishalihesabu. Ukitoa upepo wakati huo, unalitoa tairi kwenye namba yake sahihi huku ukidhani unalirudisha. Anayelazimika kujaza njiani, tairi likiwa la moto na dalili zikionyesha kwamba limepungua, ajaze hadi namba ya kibandiko au psi chache juu yake, asitoe chochote, kisha apime upya kesho yake asubuhi.

Hali ya hewa nayo hufanya kazi hiyohiyo polepole. Kwa tairi la kawaida la gari dogo, kila nyuzi 10 za Selsiasi huongeza au kupunguza takriban psi moja na nusu. Kwa hiyo aliyejaza adhuhuri ya joto atakuta pungufu alfajiri ya baridi, na pampu yake haitakuwa na kosa. Siku moja niliikasirikia pampu kwa sababu matairi ya kushoto yalisoma psi mbili zaidi ya ya kulia, nami nilikuwa nimeyajaza sawa siku mbili kabla. Nikaifungua, nikaifunga tena, nikapima mara tatu. Mwishowe niliweka kiganja juu ya tairi la kushoto na kukiondoa haraka: gari lilikuwa limeegeshwa ubavu wake wa kushoto ukilitazama jua, na wa kulia ukiwa kwenye kivuli cha ukuta. Tangu siku hiyo napima kabla jua halijachomoza, na kama nimechelewa, nayaacha hadi siku inayofuata.

Usahihi wa kipimo cha pampu unastahili aya yake, kwa kuwa ndiko nilikotumia muda mwingi zaidi. Nilikuwa tayari na geji ya kalamu, ile inayosukuma kijiti chenye namba nje ya mrija, na nikaazima geji ya saa, yenye mshale, kutoka gereji ambayo hupeleka vipimo vyake kukaguliwa. Geji ya mshale ina ndani yake kijibomba kilichopinda ambacho presha ikiingia hujaribu kujinyoosha na kuuvuta mshale. Ubunifu huo ni wa Mfaransa Eugène Bourdon, wa mwaka 1849, na bado haujapata mpinzani wa maana kwenye kazi za gereji. Tairi moja, asubuhi moja, dakika chache mfululizo: geji ya saa ilisema 32, kalamu ikasema 31, na pampu ikasema 33.5 ikiwa imetulia. Nilirudia kwa tairi jingine na kwa presha nyingine, na kila mara pampu ilizidisha kwa psi moja na nusu hivi. Kosa hilo si dogo, lakini ni kosa lenye tabia njema, kwa kuwa halibadiliki. Geji inayodanganya kwa kiasi kilekile kila siku inaweza kusahihishwa kichwani. Inayodanganya leo kwa moja na kesho kwa tatu haina dawa. Kwa hiyo ninapotaka 32, pampu naipa 33 au 34, kisha hakiki ya mwisho naifanya kwa kalamu baada ya kuongeza psi moja kwa usomaji wake.

Kuna sababu mbili nyingine za kutoiachia pampu neno la mwisho. Ya kwanza ni kwamba inapokuwa inafanya kazi, kioo husoma juu kuliko ukweli, kwa kuwa inapima upepo unaosukumwa kwenye mpira mwembamba kabla haujatulia ndani ya tairi. Ikijizima, namba hushuka kidogo. Ya pili ni mdomo wa kuzungusha. Kuufunga ni rahisi, lakini kuufungua kunahitaji mizunguko minne au mitano, na katika mizunguko ya mwisho pini bado imebonyezwa huku uzi umeshalegea, hivyo upepo unatoka kwa mluzi hadi mdomo uachie. Nimepima hasara hiyo mara nyingi: nikifungua kwa haraka ni nusu psi, nikienda polepole ni psi nzima. Zipo pampu zenye mdomo wa klipu unaobanwa na kuachiwa kwa kidole mara moja, na kama ningenunua leo, hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho ningekitafuta, kabla hata ya kuuliza nguvu ya mota.

Kuhusu nguvu, sina malalamiko makubwa. Kulipandisha tairi langu kutoka 28 hadi 32 kunachukua kama dakika moja na nusu, na kutoka 20 kunachukua chini ya dakika tano. Kelele ni kubwa. Jirani yangu anajua siku ninazojaza upepo. Pampu inavuta ampea 10 kwenye umeme wa volti 12, na fyuzi ya soketi ya gari langu ni ya ampea 15, hivyo kuna nafasi, lakini atakayenunua pampu kubwa kuliko hii aangalie kwanza fyuzi yake. Mimi huiwasha injini ikiwa inanguruma mahali pa wazi ili betri isichoke. Mdomo wa shaba unapata moto wa kutosha kuunguza vidole baada ya dakika sita au saba, na kijitabu kinaagiza kuipumzisha pampu kila baada ya dakika kumi, agizo ambalo kwa mara moja hii ningemsihi msomaji alitii.

Kitufe cha kubadilisha kipimo kinahitaji tahadhari ya pekee. Kipo karibu mno na kitufe cha kuongeza, na pampu ikichomolewa husahau chaguo lako na kurudi kwenye bar. Bar moja ni psi 14.5 na ni kPa 100, kwa hiyo psi 32 ni bar 2.2 na kPa 220. Mwenye kibandiko cha kPa, pampu ya bar na rafiki anayezungumza psi atachanganyikiwa mara moja tu kama ataandika namba zake zote tatu kwenye kipande cha karatasi na kukibandika kwenye kifuko cha pampu, kama nilivyofanya mimi. Bila karatasi hiyo, nilishawahi kuiweka 3.2 nikiamini kwamba nimeweka 32. Pampu ilikuwa inaelekea psi 46 bila wasiwasi wowote, na kilichonigutusha ni muda, kwani dakika mbili zilikuwa zimepita na kazi ilipaswa kuwa imekwisha.

Je, inafaa kununuliwa? Tairi zima, lisilo na pancha, hupoteza takriban psi moja kwa mwezi kwa upepo kupenya polepole kwenye mpira wenyewe. Wizara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba kila psi moja inayopungua kwa wastani kwenye matairi yote manne huongeza matumizi ya mafuta kwa takriban asilimia 0.2, kiasi ambacho hakimtajirishi wala kumfilisi mtu. Faida niliyoiona mimi iko kwingine: kupima gari likiwa limepoa, pale lilipolala, jambo ambalo haliwezekani kwa mtu anayelazimika kuendesha hadi panapouzwa upepo na kufika matairi yakiwa yameshapata joto. Kwa sababu hiyo peke yake ningeinunua tena, pamoja na geji ya kalamu ya kuikosoa. Wanaoniuliza kuhusu kujaza naitrojeni badala ya kununua pampu huwa nawakumbusha kwamba hewa hii tunayoivuta tayari ni naitrojeni kwa asilimia 78, na kwamba tairi lenye naitrojeni safi lakini pungufu ni tairi pungufu.

Limebaki tairi la akiba, ambalo nililisahau kwa miezi saba yote, kama karibu kila mtu anavyolisahau. Langu ni lile jembamba la muda, la kukufikisha kwa fundi kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Nilipoinua zulia la buti na kulipima, lilikuwa na psi 38, na kwa mazoea ya matairi mengine nikakaribia kuliacha nikiona kwamba lina upepo wa kuzidi. Ubavuni mwake pameandikwa psi 60, kPa 420, na hili ndilo tairi pekee kwenye gari langu ambalo namba ya ubavuni ndiyo hasa ya kujazwa, kwa kuwa limetengenezwa dogo na jembamba na linabeba uzito uleule kwa eneo pungufu zaidi. Waya wa pampu haukufika kwenye buti, ikabidi nilitoe tairi na kulisimamisha kando ya mlango wa nyuma. Ilichukua vipindi viwili vyenye mapumziko katikati, na pampu ilipojizima kwa mara ya pili kalamu ilisoma 59.